Mahali Alipocheka Baba

Ruiru,
3 Februari 2025

Dada Naliaka,

Natumaini barua hii imekufikia ikiwa kavu. Nimempa Muthoka, yule dereva wa gari la mkate anayeshusha mikate kwenye kantini yetu na ambaye nyumba yake iko hapo Makongeni nyuma ya kwenu. Nilimwomba asiiweke karibu na maziwa. Alinicheka, akasema, "Wewe karani, si upige simu kama watu?" Yeye sikumjibu. Wewe nakujibu: simu zetu hukaa kwenye sanduku la mlinzi mpaka tutoke kazini, ni amri ya Bwana Gachau, na nikitoka nachelea kupiga wakati unamlisha Baba.

Nimesikia ameruhusiwa kutoka hospitali, kwamba upande wa kulia bado hausogei na maneno hayajarudi. Nilitaka kuja. Bwana Gachau hatoi ruhusa mwezi huu, tunakagua ghala lote la chakula cha kuku. Mimi bado niko kwenye majaribio, na karani aliyenitangulia aliondolewa kwa kosa ambalo hakuna anayetaka kuniambia, kwa hiyo najihadhari na makosa yote.

Lakini nimefikiria jambo ninaloweza kulifanya nikiwa huku. Unakumbuka Baba alivyokuwa akisoma matangazo kanisani, jinsi watu waliokuwa wamesinzia wakati wa mahubiri walivyokuwa wakiamka? Mimi nakumbuka hasa lile la mnada. Kulikuwa na mbuzi wa harambee ya kuezeka kanisa, na kama kawaida kila aliyemnunua alimrudisha ili auzwe tena. Jumapili iliyofuata Baba akasoma hivi:

"Mbuzi wa familia ya Mzee Kitonga alinunuliwa, akarudishwa, akanunuliwa tena, akarudishwa tena. Mwishowe alipoachwa peke yake, alitembea mwenyewe mpaka mbele na kusimama. Wazee walimuuliza kama ana neno. Hakuwa na neno. Tunamshukuru."

Nimeyaandika haya mara kadhaa ili nione yanafanyaje kazi. Hakuna neno la kuchekesha hata moja ndani yake. Ni taarifa. Na aliisoma kwa uso uleule aliotumia kusoma majina ya waliofariki. Kanisa zima lilikuwa likifuta machozi, yeye akisubiri tu, kana kwamba hajui wanacheka nini.

Nimewaza kwamba mtu wa aina hiyo, hata kama ulimi umefungwa, bado anasikia. Nami nimeandika kijipande. Msomee akishakula, kisha uniambie kama alicheka, na tafadhali uniambie alicheka mahali gani hasa.

KITI
Ofisini kwetu kuna kiti kimoja kizuri, chenye magurudumu. Hakuna anayekikalia, kwa sababu kila mmoja anaamini ni cha mkubwa wake. Juzi fundi wa stima alikuja, akakikalia, akala ndizi. Sote tulisimama. Mchana alikuwa ameanza kutoa amri, na mpaka leo tunazitii, ingawa stima yenyewe haijarudi.

Ukiona haifai, usimsomee.

Ndugu yako,
Marvin


Makongeni,
8 Februari 2025

Marvin,

Barua ilifika kavu, inanukia mkate. Nilimsomea Baba jana baada ya chakula.

Alicheka. Alicheka sana, mpaka nikamwondolea kikombe mkononi. Umeniuliza mahali: ni pale kwenye ndizi.

Habari za hapa ni zilezile. Cherehani imehamia ndani ili nimwone nikiwa nashona, na wateja wa sare za shule sasa wanapimiwa jikoni kati ya sufuria na mtungi wa maji. Maggie alipita. Anasema ile nafasi ya Mwihoko bado iko, karakana ya kushona, na mwenye karakana ananitaka mimi nisimamie mafundi. Nilimwambia angoje. Alisema atangoja, lakini alisema kwa ile sauti ya mtu anayetazama saa.

Shangazi Perez amepiga simu kutoka Webuye kuuliza kama Baba anamkumbuka. Nilimwambia aje amuulize mwenyewe.

Mbona barua yako nzima inahusu mbuzi na kiti? Wewe mwenyewe hujambo? Unakula? Na hilo ghala mtakagua mpaka lini?

Tuma kingine kama unacho. Lakini kuja ni bora kuliko kutuma.

Naliaka


Ruiru,
13 Februari 2025

Dada,

Sikujua la kufanya niliposoma kwamba alicheka. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya ghala, nikarudi. Mlinzi aliniuliza kama nimefiwa.

Nimekuwa nikiifikiria ile ndizi. Ningedhani angecheka mwishoni, kwenye amri, kwa sababu hapo ndipo nilipoweka mzaha. Yeye alicheka mapema. Nadhani ni hivi: kukikalia kiti ni ujasiri, na ujasiri unaweza kuelezeka. Lakini kula ndizi juu yake ni utulivu. Mtu hawezi kula ndizi kwa hofu. Kwa hiyo ndizi ndiyo inayotuonyesha sisi wengine tulivyo waoga, bila sentensi yoyote kusema kwamba sisi ni waoga. Baba aliliona hilo kabla yangu mimi niliyeliandika. Kwa hiyo akili yake iko, Naliaka. Mtu asiyekuwepo hawezi kucheka kwenye ndizi.

Nimesoma shule miaka yote hiyo na hakuna mwalimu aliyenifundisha jambo hili. Tulifundishwa kwamba kichekesho ni kutia chumvi. Baba hakuwahi kutia chumvi. Alikuwa akipunguza. Nakumbuka siku moja akiandika tangazo mezani pale kwetu, alikata mstari wa mwisho, na nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Huo ni wa kuwaeleza. Wakielezwa hawacheki, wanaitikia tu." Nilikuwa mdogo, nikadhani anazungumza juu ya karatasi kuisha.

Safari hii nimejaribu kwa mtindo wake.

TANGAZO
Jumapili iliyopita mwavuli mweusi ulichukuliwa hapa kanisani kimakosa. Aliyeuchukua aliombwa aurudishe kimakosa vilevile. Leo imerudishwa miavuli sita. Mwenye mwavuli ameikagua yote na kusema wake haumo. Hata hivyo ameondoka na miwili.

Uniambie mahali. Hata kama ni neno moja, uniandikie hilo neno.

Kuhusu kuja, nitamwomba Bwana Gachau tukimaliza ghala. Ninakula vizuri.

Marvin


Makongeni,
22 Februari 2025

Marvin,

Alicheka. Mahali usiniulize tena, nami nitakueleza sababu, lakini kwanza nikuulize wewe.

Muthoka alikunywa chai hapa jana. Anasema Bwana Gachau alimkuta kwenye kantini yenu, akamuuliza kama kweli anatoka Makongeni, na kama anamjua Mzee Barasa aliyeugua. Akamwambia, "Huyo kijana wake hajaniomba ruhusa tangu aingie. Hata ya kwenda msalani naona anaogopa." Muthoka akamuuliza na kazi ya ghala. Gachau akasema ghala mlilimaliza Januari.

Sikuandikii kwa hasira. Nilikuwa na hasira jana, nikashona mkono wa shati kwenye shingo, ikaisha.

Sasa langu. Baba anacheka, hapo sikukudanganya. Anacheka ukimsomea na usipomsomea. Anacheka nikimwaga maji, nikimvua soksi, redio ikitaja bei ya mahindi. Mama Ngendo alikuja kutuambia kaka yake amefariki, akakaa pale kwenye kochi akilia, na Baba akacheka mbele yake mpaka akakosa pumzi. Mama wa watu alinyanyuka, akajifunga leso yake, akatoka. Hajarudi, na majirani wengine sasa wanatusalimia wakiwa barabarani.

Nilimpeleka kliniki. Daktari alisema kiharusi kiligusa pale panaposhika kicheko na kilio, na sasa mlango haufungiki. Kicheko kinamtoka kama chafya. Si furaha. Mimi nilijua hivyo kabla ya daktari, kwa sababu ya macho. Mdomo unacheka na macho yananitazama, kama mtu aliyekaa chumbani kwake na wageni asiowajua wanapiga kelele sebuleni, naye hana nguvu za kuwafukuza. Nami hucheka naye, ili asicheke peke yake.

Ile ndizi. Alikuwa ameshaanza kucheka kabla sijafungua bahasha. Ulitaka mahali, nikakupa mahali nilipocheka mimi.

Ningekuambia mapema. Lakini ulivyoandika kwamba ulisimama nyuma ya ghala, sikuweza.

Mimi nimechoka, ndugu yangu. Sitaki vijipande. Nakutaka wewe.

Naliaka


Ruiru,
26 Februari 2025

Dada Naliaka,

Ni kweli sikuomba ruhusa.

Niliandika barua ya kuomba, mwezi Januari. Ilikuwa nzuri. Nilienda nayo mpaka mlangoni kwa Bwana Gachau, nikamsikia akikohoa ndani, nikaona si vizuri kumsumbua mtu anayekohoa. Siku ya pili mlango ulikuwa wazi, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu angeniona nikija. Siku ya tatu niliingia. Akasema, "Ndiyo?" Nikamwambia nimekuja kuuliza kama ameniita. Akasema hapana. Nikamshukuru. Akasema, "Karibu tena."

Wiki iliyofuata niliona nikiacha kwenda atajiuliza kwa nini nilikuwa nimeenda. Kwa hiyo nikaenda tena kuuliza kama ameniita. Tangu hapo naenda kila wiki. Nadhani ananihurumia, kwa maana ameanza kuniwekea vijikazi ili nisione haya. Mara ya mwisho alikuwa ameniandalia penseli za kuchonga. Nilizichonga nimesimama. Zote zilikuwa zimechongwa tayari. Barua ya kuomba ruhusa ilikuwa mfukoni, na aliponiuliza ni karatasi gani hiyo, nilimwambia ni ya kufutia penseli, kisha ikabidi nizifutie.

Lakini ukweli ni kwamba simwogopi Bwana Gachau. Yeye ni sababu tu niliyoiokota. Ninamwogopa Baba.

Siku ile wodini, ulipokwenda kuzungumza na muuguzi, alifungua macho, akanishika mkono kwa ule wa kushoto. Alitaka kuniambia kitu. Kilichotoka ni "Jumatatu." Akatikisa kichwa, akajaribu tena: "Jumatatu." Nami nikamwambia, "Ndiyo, Baba, Jumatatu," kama unavyomwambia mtoto, na nikaona kwenye uso wake kwamba anajua hilo si neno alilokuwa akilitafuta, na anajua kwamba mimi nimejifanya ni lenyewe. Maishani mwake hajawahi kukosea neno. Nikamwambia naenda kumletea maji.

Sijarudi na maji.

Niliporudi huku Ruiru nilijiambia kwamba nikimfanya acheke, itakuwa ni kama nimemjibu. Ndiyo sababu niling'ang'ania mahali. Sasa najua nilikuwa nikisoma chafya.

Vile vijipande vichome. Sitaandika tena. Sijui pia kama nitaweza kuja, na sitaki kukuahidi halafu ukae ukitazama mlango.

Unisamehe.

Marvin


Makongeni,
2 Machi 2025

Marvin,

Soma hii ukiwa umekaa.

Barua yako niliifungua jikoni nikaanza kuisoma kwa sauti, kama nilivyozoea kusoma zako. Ni mazoea tu, sikuwa nimekusudia aisikie. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na cherehani. Nilipofika kwenye "Karibu tena" nilicheka mpaka nikalaza kichwa juu ya cherehani. Sijacheka hivyo tangu tumzike Mama. Nikainua uso nimwombe Baba msamaha.

Alikuwa hacheki.

Uso ulikuwa umetulia wote, hata ule upande ulioanguka. Ananitazama, anangoja nimalize. Unaujua uso huo. Nikafuta machozi, nikaendelea. Kwenye penseli nilikwama tena, nikashindwa kabisa, na yeye akainua ule mkono wa kushoto kidogo, hivi, kama alivyokuwa akiunyanyua kanisani watu wakipitiliza, ili waache asome. Nikaacha. Nikasoma.

Niliposoma mambo ya wodini nilitaka kuruka. Sikuruka. Hakucheka hapo pia. Alilia, na safari hii macho na mdomo vilikuwa vinafanya kitu kimoja.

Baadaye nilipomvua viatu alianza tena kicheko chake, kwa hiyo usiniambie amepona. Na usiniletee nadharia. Sijui alielewa kiasi gani. Nakuambia nilichokiona.

Lakini nikuambie na hili, kwa kuwa ulitaka sana kujua. Ile ya kiti ni nzuri, na ya mwavuli ni nzuri, Maggie ameiomba aisome kazini. Ila humo ndani ulikuwa umesimama kando na mikono mfukoni, unatuonyesha wengine. Hii hukuwa na mahali pa kusimama. Ulikuwa unaandika unatetemeka, na hukujua kama ni mzaha, na ndiyo maana ikatuua.

Hatakuuliza kuhusu Jumatatu. Hawezi, na hata angeweza asingekuuliza. Njoo umwone tu.

Naliaka


Ruiru,
17 Machi 2025

Dada,

Nimefika salama, na nilipoenda kwa Bwana Gachau kumshukuru aliniambia niondoke kabla hajanitafutia penseli. Sikukueleza tulipoonana: nilipoomba, alikuwa na hiyo ruhusa imeandikwa tayari kwenye meza, imekaa hapo tangu aongee na Muthoka. Alisema alikuwa akingoja niulize, kwa sababu akinipa bila kuuliza ningedhani nimefukuzwa. Alikuwa sawa. Ningedhani hivyo.

Kuna jambo ambalo sikuweza kukuambia mbele ya Baba. Nilikisikia kicheko nikiwa bado nje, kabla ya kubisha. Na kwa dakika moja nilifurahi, Naliaka. Nilidhani kuna mgeni ndani anamsimulia kitu, kama zamani. Kisha nikakumbuka. Ulipofungua mlango ukaniona nimesimama hivyo, ulidhani nataka kukimbia. Sikutaka kukimbia. Nilikuwa nikikumbuka tu.

Ulipokwenda kwa Mama Jackie kuazima unga, nilimlisha uji. Alinicheka tangu kijiko cha kwanza. Uji ukanijaa shatini, na kadiri nilivyofuta ndivyo alivyocheka, na macho yake yalikuwa vile ulivyosema. Nilijitayarisha siku nyingi kwa ajili ya macho hayo, lakini matayarisho hayakusaidia. Sikumsomea kitu. Sikumwambia chochote cha maana. Nilisema, "Baba, ni mimi," akacheka. Nikasema, "Najua hutaki kucheka," na kicheko kikageuka kilio katikati, kwenye pumzi moja, sikuona mpaka wake. Nilimshika mkono mpaka uliporudi na unga.

Nimeamua jambo moja, nami naliandika ili nisije nikalirudisha. Nitahamia Makongeni mwisho wa mwezi. Kutoka hapo mpaka kazini si mbali. Nilikuwa nikiandika "huku" kwenye barua zangu kana kwamba ni mbali, nikiwa najua ni safari fupi mno. Shangazi Perez amekubali kuja kutoka Webuye kukaa naye mchana. Nilimpigia simu mwenyewe. Alisema, "Kumbe wewe unaweza kupiga simu?" Wewe mwambie Maggie kwamba unaichukua ile nafasi ya Mwihoko.

Usikatae. Ukikataa kwa barua nitasema Muthoka aliiweka karibu na maziwa.

Marvin


Makongeni,
13 Julai 2025

Dada Naliaka,

Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungesikia jinsi nyumba ilivyo, nami nataka nikueleze kwanza.

Tangu urudi Mwihoko baada ya kile kiharusi cha pili, hakuna kilichobadilika upande wa mwili. Anakula kidogo. Daktari anasema tuendelee vilevile, na kwa jinsi alivyosema niliona hana kingine cha kusema. Shangazi Perez anamgeuza, anampaka mafuta, anamwimbia nyimbo za kwao za utotoni, na sijui kama anazisikia.

Kicheko kimekwisha. Ulipokuwa hapa tulidhani ni uchovu wa hospitali. Sasa ni wiki kadhaa. Nimemwaga maji mbele yake, Mungu anisamehe, nilimwaga makusudi. Nimewasha redio kwenye bei za mahindi. Ananitazama, au anatazama mahali nilipo. Sikujua kwamba ningekikosa kicheko kile. Kilikuwa kibaya, kilitufukuzia watu, nawe ulikuwa ukilia bafuni kwa ajili yake. Lakini kilikuwa sauti yake. Kilitoka kifuani mwake, na mtu akikisikia kutoka nje aliweza kukosea kama nilivyokosea mimi.

Majirani wamerudi. Mama Ngendo alikuja Ijumaa na nduma zilizochemshwa, akakaa palepale kwenye kochi. Alimtazama Baba muda mrefu, akasema, "Sasa Mzee ametulia. Asifiwe Mungu." Shangazi akasema amina. Nami nikasema amina. Alikuwa ametembea na nduma hizo mvuani, ningemwambia nini?

Sikukuambia kwamba tangu Mei kanisa limeniachia kazi ya kuandika matangazo. Kuyasoma bado sithubutu, anayasoma kijana mmoja anaitwa Eddie. Eddie anaharibu. Anaanza kucheka kabla hajafika, watu wanacheka kwa kuwa yeye amecheka, na tangazo lenyewe linapita bila mtu kulisikia. Nimemwambia asome kana kwamba ni habari mbaya. Ameahidi kujaribu.

Kila Jumapili mchana, Shangazi akijilaza, nakaa na Baba na kumsomea yote, tangu la kwanza mpaka la mwisho, pamoja na ya mazishi. Nimejifunza kutocheka. Si vigumu kama nilivyodhani. Leo lilikuwemo hili:

"Kwaya ya akina baba itafanya mazoezi siku ya Alhamisi. Wanaojua kuimba pia wanakaribishwa."

Nilikuwa nimelipunguza mara nyingi. Lilianza likiwa na mistari minne.

Nililisoma, kisha nikanyamaza kidogo, kiasi cha mtu kucheka, hata kucheka vibaya kule. Huwa naacha nafasi hiyo kila palipo na mahali pa kucheka. Nilimtazama. Nikahesabu pumzi yake, ikaingia, ikatoka.

Kisha nikasoma lililofuata.

Ndugu yako,
Marvin